Vanishi Isipakwe Kwenye Mwiko

Ndugu mkulima, nawe mwenye duka la kijijini, leo naweka mbegu na mbolea pembeni. Msimu wa kilimo ukipungua, wengi wenu hushika kazi za mkono: miiko, vigoda, vibuyu, mbao za kuandikia majina ya watoto, vyote vikichorwa kwa chuma cha moto. Kazi ni nzuri. Kinachoiharibu ni ile vanishi ya mwisho.

Msimamo wangu ni huu: kitu kinachoingia jikoni kisipakwe vanishi kabisa. Mwiko unasonga ugali, unakwangua sufuria, unaoshwa kwa maji ya moto kila siku. Vanishi hiyo itapasuka tu, na vipande vitaishia kwenye chakula. Najua mng'ao unauza haraka mnadani. Lakini mama aliyeokota ngozi ya vanishi kwenye ugali wa wanawe hatarudi kwako, na jirani zake atawaambia.

Badala yake tumia nta ya nyuki. Wafugaji wengi bado wanakamua asali na kutupa masega, mali yenyewe hiyo! Yayeyushe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, kamwe si moja kwa moja kwenye moto, maana nta hushika moto. Ichuje kwa kitambaa. Mwiko ukishapata joto la jua, sugua kipande cha nta juu yake, kisha ng'arisha kwa kitambaa kikavu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu, kwa hiyo chakula cha moto kitaiondoa kidogo kidogo. Haina madhara. Mwambie mnunuzi apake tena, na hapo hapo muuzie kipande cha nta.

Vigoda, fremu za picha na mbao za majina ni habari nyingine. Hizo vanishi inazifaa. Ila mti uwe umekauka kweli. Ukipaka juu ya mbao mbichi, unyevu unafungiwa ndani, rangi inageuka nyeupe kama ukungu, halafu inabanduka. Wakati wa masika ni afadhali ungoje siku kavu.

Kabla ya kupaka, toa masizi kwa brashi kavu na laini. Watu wanaruka hatua hii, brashi ya vanishi inaburuta unga mweusi, na twiga uliyemchora nusu siku anakuwa na moshi pembeni. Msasa upigwe kabla ya kuchoma, maana ukiupiga baadaye mistari hafifu inafutika. Koti la kwanza liwe jembamba sana, ligusishwe bila kusugua. Likikauka, ongeza mengine mawili membamba. Koti moja nene halikauki vizuri na linaacha machozi.

Na usichome mchoro juu ya mbao iliyokwisha pakwa vanishi. Moshi wake ni sumu, na mara nyingi mtoto ndiye anayeshikishwa kazi hiyo.

Kuna wanaozimua vanishi kwa petroli kwa sababu thina ni ghali. Mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche ya jiko la jirani. Bora uuze vigoda vichache. Wanaotumia mafuta ya kitani nao watandaze vitambaa vyao nje vikauke. Vikikunjwa na kurundikwa vyenye mafuta, vinaweza kujiwasha vyenyewe.

Vanishi haizuii jua. Mchoro wa moto, hasa sehemu zilizochomwa kidogo, hupauka ukianikwa. Kwa hiyo, mfanyabiashara, usitundike bidhaa nje ya duka mwezi mzima kisha umlaumu fundi.

Wenye mizinga ya nyuki wanaochoma namba zao kwenye mbao wanafanya vema, mwizi hawezi kuifuta kirahisi. Ukitaka kupaka kitu, paka nje tu. Ndani ya mzinga waachie nyuki, watapaka gundi yao wenyewe.