Vitabu vya Ubatizo vya Rungwe: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUNAKILI VITABU VYA UBATIZO, NDOA NA MAZISHI VYA MISIONI ZA RUNGWE

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Tukuyu kuhusu vitabu ambavyo havimo kwenye rafu zako. Vimo kwenye makabati ya ofisi za kanisa, katika zile misioni kongwe: Rungwe, Rutenganio, Manow, Mwakaleli, Ipyana, Isoko. Ni vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi, na kazi ya kuviandika ilianza katika miaka ya mwanzo baada ya Wamoravian na Misioni ya Berlin kuingia mwaka 1891 nchi ya Konde, kama walivyoiita Unyakyusa. Naomba idara yako ishirikiane na makanisa kuvipiga picha vyote, ukurasa kwa ukurasa, wakati bado vinasomeka.

Huenda utaniuliza kwa nini ombi hili limekuja kwako badala ya kwenda kwa wachungaji. Limekuja kwako kwa sababu Serikali yenyewe inavitegemea vitabu hivi. Mtu mzima ambaye hakuandikishwa alipozaliwa, leo anapokwenda RITA, wakala wa Serikali wa usajili, kuomba cheti cha kuzaliwa, huambiwa alete vielelezo, na cheti cha ubatizo ni kimojawapo. Cheti kile hakijitokezi chenyewe. Karani wa ushirika hufungua kitabu, hutafuta jina, hunakili tarehe, hugonga muhuri. Kutoka hapo ile tarehe inaingia kwenye cheti cha Serikali, kisha kwenye kitambulisho cha Taifa, kwenye hati ya kusafiria, kwenye faili la mirathi. Kitabu kikipotea, mlolongo wote umekatika kwenye mzizi. Hadi leo mwenye wajibu wa kukilinda ni karani yule na kufuli lake, kama kabati lina kufuli.

Unaijua historia ya usajili wetu kuliko mimi, lakini wasomaji wengine wa barua hii huenda hawaijui. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo, ambayo leo ni Sura ya 108, ilianza kutumika mwaka 1921. Kwa miongo mingi haikumlazimisha Mwafrika kuandikisha mtoto wake. Mzungu aliyezaliwa Tukuyu enzi ya Mwingereza alipata cheti. Mnyakyusa aliyezaliwa siku hiyo hiyo, kilima cha pili, hakuandikwa na Serikali popote. Ule mkakati wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo, kwenye zahanati na ofisi za kata, ulizinduliwa mwaka 2013, tena hapa mkoani kwetu Mbeya, na tunaushukuru. Watoto wengi wa sasa wana vyeti. Bibi zao na babu wa babu zao wana kitabu cha kanisa peke yake, wale waliobahatika kuwa nacho.

Niruhusu nikueleze kitabu kimoja nilichowahi kukiona kwa macho, katika ushirika ambao sitautaja. Jalada ni gumu, la kitambaa cheusi kilichoanza kuvimba. Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ule uitwao Kurrent, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kufundishwa. Kila mstari una namba, jina la ubatizo, jina alilokuja nalo mtu, jina la baba na la mama, kijiji, na tarehe. Majina yameandikwa kama sikio la mgeni lilivyoyasikia: ‘j’ imekaa mahali pa ‘y’, na ‘Mua’ imekaa mahali pa ‘Mwa’, kwa hiyo anayetafuta ukoo wa Mwakyusa asipojua kwamba aangalie pia Muakjusa atafunga kitabu na kusema babu hayumo. Mbele kidogo mwandiko unabadilika, wino unabadilika, lugha inageuka kuwa Kinyakyusa, baadaye Kiswahili. Pembe ya chini, kurasa zaidi ya kumi kwa mfululizo, imeliwa na mchwa. Kwenye pembe ile ndipo tarehe zilipokuwa.

Hali ya hewa ya kwetu haina huruma na karatasi. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka; kuna miezi ukungu unalala ndani ya nyumba na nguo hazikauki hata kwa wiki. Ukungu unaoota kwenye viatu chini ya kitanda ndio huo huo unaoota ndani ya kabati la ofisi ya kanisa. Vitabu vilivyovumilia hali hiyo zaidi ya miaka 100 vimevumilia kwa sababu kuna watu waliovihurumia, wakavianika, wakavijalidi upya kwa magazeti na gundi, bila mshahara wala semina yoyote.

Vilevile vimevuka vita viwili vya dunia. Mwezi Mei 1916 jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lilipoiteka Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu-Langenburg, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa. Waskoti wa Livingstonia, kutoka ng’ambo ya Songwe, ndio walioshika usimamizi wa misioni hizi, na makanisa yenyewe yaliendeshwa na walimu na wazee wa hapa hapa. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vikaja, wakaondolewa tena. Kwa sababu hiyo habari za ukoo mmoja leo zinaweza kuwa zimetawanyika: ubatizo umo Rungwe, taarifa za mwaka zimo Herrnhut kule Saxony kwenye hifadhi ya Wamoravian, karatasi nyingine zimo Berlin, barua za Waskoti zimo Edinburgh. Mjukuu wa Tukuyu hana nauli ya kuzunguka kote huko. Lakini sehemu muhimu kuliko zote, ile yenye majina ya wazazi wake, ipo kilomita chache kutoka stendi ya Tukuyu.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la wanawake, maana ndilo linalonigusa zaidi. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Mwingereza akaendeleza kodi kwa namna yake. Vitabu vya kodi vilimhesabu mwanamume; mke alionekana kama idadi ya nyumba. Waliokwenda migodini Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, kampuni iliyoajiri vibarua wa migodi, wameandikwa kwenye makaratasi ya kampuni, nao ni wanaume. Mama aliyebaki analima migomba na kulea, Serikali haikuwa na safu ya kumwandika. Kwenye kitabu cha ubatizo yumo. Ana namba yake, jina lake alilopewa na wazazi, jina alilochagua, na jina la mama yake pia. Miongoni mwa waumini wa kwanza kubatizwa Rungwe, mwaka 1897, alikuwemo mwanamke, Fiabarema. Kwa koo nyingi za hapa, kitabu hiki ndicho maandishi pekee yanayotaja jina la bibi mzaa bibi.

Na kuna walio wahitaji zaidi hata ya hao. Misioni hizi zilipofunguliwa, biashara ya watumwa ilikuwa bado inapita ukanda huu, kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika. Waliokombolewa, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa misioni wakakua hapo, wakaolewa hapo. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer, aliyekuwa Utengule, aliandika simulizi za maisha za watu wa namna hiyo, na habari za Narwimba na Chisi zimesomwa duniani kwa sababu mwanahistoria Marcia Wright alizichapisha. Hao ni wawili waliopata mwandishi. Wengine wameacha mstari mmoja tu kwenye kitabu cha ubatizo. Sisi wenye ukoo tunaweza kukaa na mzee jioni akatutajia mababu mpaka wa saba. Mzao wa mtu aliyenyakuliwa akiwa mtoto hana mzee wa kumuuliza. Mstari ule ukiliwa na mchwa, kwake yeye ukoo wote umeanza na kuishia hapo.

Watu wa mbali wameiona mapema thamani ya vitabu vya namna hii. Italia iliwapoteza mamilioni ya watu waliohamia Argentina, Brazili na Marekani, na leo wajukuu wa wahamiaji wale wanatafuta vijiji vya mababu zao. Wanaweza kutafuta kwa sababu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru kila parokia iandike ubatizo na ndoa, na dola mpya ya Italia ikaanza usajili wake wa kiraia mwaka 1866. Hifadhi za nyaraka za Serikali ya Italia zimeweka picha za vitabu vyao vya usajili wa kiraia kwenye mtandao, katika mradi uitwao Antenati, bila malipo. Wapo wanaotafuta kwa mapenzi, wapo wanaotafuta uraia wa Italia, ambao ulikuwa ukifuata damu bila kikomo cha vizazi mpaka sheria ilipobanwa mwaka 2025.

Mtu wa Buenos Aires anatafuta pasipoti ya pili. Huku kwetu mpakani, anayemtafuta babu yake mara nyingi anatafuta kuthibitisha uraia wa kwanza. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu. Mpaka uliwakuta wameshaoana. Kijana wa Ipyana au Kasumulu anapojiandikisha kupata kitambulisho, huulizwa baba alizaliwa wapi, na babu je. Ni maswali halali. Lakini jibu la maandishi, kwa wengi, limo kwenye kitabu cha ubatizo cha Ipyana au Isoko, na wilaya nazo zimegawanyika: Kyela ilitoka Rungwe, Ileje leo ipo Mkoa wa Songwe. Kijana hajui aanzie ofisi ipi. Nimeona watu wakizungushwa hivyo, mpaka wanaacha.

Najua vitabu hivi havimhusu kila mtu. Wengi wa wazee wetu hawakubatizwa, au walibatizwa uzeeni. Mwenye wake wengi alikutana na masharti mazito mlangoni mwa kanisa. Waislamu wa hapa mjini wana misikiti yao na kumbukumbu zao. Nasaba za machifu zimehifadhiwa vinywani, na sehemu yake imo kwenye madaftari ya Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930. Madaftari hayo yapo Chuo Kikuu cha Cape Town. Hayo nayo yanastahili nakala nyumbani, na wazee wanastahili kurekodiwa wakingali hai. Naomba tuanze na vitabu kwa kuwa kazi yake inajulikana na inaweza kumalizika.

Ninachopendekeza ni hiki. Idara yako ikae na Kanisa la Moravian Jimbo la Kusini na Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambayo makao yake yapo hapa Tukuyu, pamoja na Jimbo Kuu Katoliki la Mbeya, muandikiane makubaliano yanayosema wazi kwamba kitabu ni mali ya kanisa na hakitoki kwenye ushirika, usharika au parokia yake. Watu watakubali vitabu vipigwe picha. Hawatakubali vichukuliwe, na wana haki, kwa sababu ya kwetu mengi yaliwahi kuchukuliwa ‘kwa matengenezo’ yasirudi. Mafundi wako waje na kamera na taa, wafanye kazi pale pale vestrini. Nakala moja ibaki kwa kanisa, moja ije kwako, moja iwekwe Tukuyu mahali mwananchi anaweza kuisoma bila kupanda basi kwenda mbali. Wapatikane vijana wanaojua Kinyakyusa wafundishwe kuusoma mwandiko wa Kurrent, watengeneze faharasa inayofuata tahajia zote za jina moja. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mashine ya ng’ambo isiyojua kwamba Muakjusa na Mwakyusa ni ukoo mmoja.

Kuhusu fedha, Maktaba ya Uingereza ina mpango wake wa nyaraka zilizo hatarini, tangu mwaka 2004, na sharti lake ni kwamba nyaraka halisi zisitoke nchini. Ombi la idara ya Serikali na makanisa kwa pamoja litasikilizwa kuliko barua ya mkazi mmoja.

Kuhusu faragha, vitabu hivi vina siri za watu: mtoto wa nje ya ndoa, mtu aliyetengwa na kanisa, sababu ya kutengwa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Napendekeza kumbukumbu za zaidi ya miaka 100 zifunguliwe kwa wote, na za karibu zaidi ziwe za mhusika na familia yake tu. Maelezo ya nidhamu ya kanisa yafunikwe, hata ya zamani, pale ambapo wazao bado wanaishi kijiji kile kile.

Nimemwona mzee akisubiri karani amsomee mstari wa mama yake. Karani aliposoma jina la bibi, jina ambalo mzee alikuwa hajalisikia tangu utoto, aliomba lisomwe tena. Kisha akaomba aandikiwe kwenye karatasi, akampe mjukuu wake anayesoma chuo Mbeya.

Mvua kubwa hapa zinaanza Novemba. Nakuomba utume watu wako kabla ya hapo, hata kama ni kwa kuhesabu tu: vitabu vingapi, vya miaka ipi, vipo wapi, vina hali gani. Nipo tayari kuwaongoza kwa kila misioni niliyoitaja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Tukuyu, Wilaya ya Rungwe

Nakala:
Kabidhi Wasii Mkuu na Mtendaji Mkuu, RITA
Mwenyekiti, Kanisa la Moravian Tanzania, Jimbo la Kusini
Askofu, KKKT Dayosisi ya Konde, Tukuyu
Askofu Mkuu, Jimbo Kuu Katoliki la Mbeya
Mkuu wa Wilaya, Rungwe