Mvua Itangazwe kwa Milimita



Yafaa tuwaombe watangazaji wa redio jambo moja: wasomapo habari za hali ya hewa, waitaje mvua kwa milimita. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huipima kwa kipimo hicho, lakini mara nyingi tusikialo ni "mvua kubwa" au "mvua kidogo" tu. Kidogo kwa nani? Mvua iliyo kidogo kwa mwenye muhogo yatosha kumtia hasara aliyeanika karafuu.

Wako wazee wetu waliozoea inchi, nayo ni milimita 25.4. Lakini hesabu ya milimita ni nyepesi zaidi: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Basi sakafu ya kuanikia ya mita 10 kwa 10, ikinyeshewa milimita 10, hupokea lita 1,000, yaani mapipa 5 ya lita 200. Ajuaye hayo hangoji wingu, huanua mapema.

Mavuno yetu mara nyingi hukutana na vuli. Karafuu zikirowa majamvini huvunda, hupoteza rangi, na bei hushuka. Kazi ya wachumaji imekwisha lipwa, na hasara ni ya mwenye shamba.

Basi watangazaji watupe tarakimu. Nasi tujizoeze kuzifahamu: kopo lenye pande zilizonyooka, likawekwa uwanjani pamoja na rula, latosha kumfundisha kila mmoja wetu milimita 10 ni mvua ya namna gani.

Mkulima mwenzenu