Mwanagenzi wa Anga: Kiswahili na Mwanzo wa Michezo ya Kimkakati

Mwanzo wa ngoma ni lele. Kila shughuli ina hatua yake ya kwanza, na ni katika hatua hiyo ambapo binadamu huihitaji lugha zaidi. Fundi aliyebobea hutenda kimya kimya kwa kuwa mikono yake imekwisha kujua. Mwanagenzi ndiye anayehitaji kuambiwa ashike nini, aache nini, na kwa nini. Kwa hivyo, lugha inayodaiwa kukidhi mahitaji ya sayansi na teknolojia haipaswi kupimwa kwa hotuba za wataalamu peke yake. Yapaswa kupimwa pia kwa namna inavyomwongoza mtu asiyejua chochote. Makala haya yanatumia mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wapenzi wa Kiswahili, yaani mchezo wa kimkakati wa anga za mbali unaochezwa ndani ya kivinjari cha tarakilishi, ili kutetea hoja moja: kwamba msamiati wa Kiswahili wa teknolojia hukomaa katika maelekezo ya wanagenzi, wala si katika orodha za istilahi.

Mchezo wenyewe unaitwa OGame. Ulianza nchini Ujerumani mwaka 2002, ukasambazwa na kampuni ya Gameforge ya mji wa Karlsruhe. Mchezaji hahitaji kununua diski wala kupakua programu. Hufungua akaunti, akaingia, akaanza. Katika miaka yake ya mwanzo mchezo huu ulikuwa na picha chache tu, na sehemu yake kubwa ilikuwa maandishi, majedwali na tarakimu. Hausimami mchezaji anapolala: migodi huendelea kuchimba, vyombo huendelea kusafiri, na maadui huendelea kuvizia. Kwa kuwa ni mchezo unaosomwa zaidi ya kutazamwa, lugha ndiyo mlango wake. Walioueneza walilitambua hilo mapema, wakautoa katika lugha zaidi ya 20, zikiwemo Kituruki, Kipolandi, Kigiriki na Kidenmaki. Nchi ya Denmark ina watu wapatao milioni 6. Kiswahili, chenye wazungumzaji wanaoizidi idadi hiyo mara nyingi, hakimo.

Je, Kiswahili kingeweza kumwongoza mwanagenzi wa mchezo huu katika siku yake ya kwanza? Njia bora ya kulijibu swali hili ni kujaribu.

Mwanagenzi hupewa sayari moja, metali 500 na fuwele 500. Tamaa humsukuma kutafuta vyombo vya vita papo hapo, lakini hana mahali pa kuviundia wala mali ya kuvilipia. Wajibu wake wa kwanza ni kujenga mtambo wa umeme wa jua, ambao hugharimu metali 75 na fuwele 30. Mtambo huo katika kiwango cha kwanza huzalisha nishati ya vipimo 22. Mgodi wa metali wa kiwango cha kwanza hugharimu metali 60 na fuwele 15, nao mgodi wa fuwele hugharimu metali 48 na fuwele 24. Kila mmoja hula nishati ya vipimo 11. Kwa hivyo mtambo mmoja wa jua hulisha migodi miwili bila kubakisha wala kupungukiwa. Mchezaji akijenga mgodi wa ziada pasipo umeme wa kuutosha, migodi yote huzorota, mithili ya watoto wengi wanaogawana sahani moja ya chakula.

Baada ya hapo huja deuteriamu, ambayo ni haidrojeni nzito na ndiyo mafuta ya vyombo vya anga. Mtambo wa kuikamua hugharimu metali 225 na fuwele 75, na peke yake hula nishati yote ya mtambo wa jua wa kiwango cha kwanza. Sayari iliyo mbali na jua lake huwa baridi na hutoa deuteriamu nyingi zaidi. Mchezaji akishakuwa na akiba ya mali hizo tatu, hujenga kiwanda cha roboti hadi kiwango cha pili, kisha gudi la kuundia vyombo, na hatimaye maabara ya utafiti. Chombo cha kwanza cha maana si cha vita bali ni cha shehena, ambacho hubeba vipimo 5,000 vya mali kwa safari moja.

Maelezo hayo yameandikwa kwa Kiswahili, na hakuna pahala ambapo lugha imekwama. Maneno yake mengi yamo tayari katika kamusi: fuwele, mgodi, mtambo, nishati, akiba, shehena, gudi. Machache yamekopwa na kuvishwa mavazi ya Kiswahili, kama metali, roboti na deuteriamu. Kilichohitajika si ubunifu wa maneno mapya. Kilichohitajika ni kumfikiria msomaji mmoja aliyeketi mbele ya tarakilishi akiwa na metali 500 na asijue la kufanya.

Mchezo huu humfunza mwanagenzi hesabu pia, na hapa methali zinazokaririwa darasani hupata mtihani wake. Kila kiwango cha mgodi wa metali hugharimu mara moja na nusu ya kiwango kilichotangulia. Kiwango cha 10 hugharimu metali zipatazo 2,300. Kiwango cha 20 hugharimu zipatazo 133,000. Gharama hiyo imeongezeka takriban mara 58. Uzalishaji, hata hivyo, hupanda kutoka metali 778 kwa saa hadi takriban 4,036, yaani kama mara 5 tu. Haba na haba hujaza kibaba, naam, lakini kibaba nacho huzidi kupanuka kila kinapokaribia kujaa. Mwalimu wa Kiswahili anayelalamika kwamba wanafunzi wake hukariri methali pasipo kuzitafakari angeweza kuwapa jedwali hilo na kuwauliza iwapo methali ingali kweli, na kwa mipaka gani.

Hatari ya pili ni wizi. Mchezaji mpya hukingwa kwa muda dhidi ya wale waliomzidi mno nguvu, lakini kinga hiyo huondoka anapokua. Anayemshinda vitani kwa kawaida huweza kumpora hadi nusu ya mali iliyolala kwenye sayari. Vyombo vinapovunjwa, asilimia 30 ya metali na fuwele zilizoviunda huelea angani kama vifusi, na mwenye vyombo vya kukusanyia huja akavizoa. Kwa sababu hiyo wachezaji wazoefu wana desturi moja: kabla ya kulala hupakia mali yao vyomboni, wakaving'oa nanga na kuvituma safari ndefu itakayokwisha watakapokuwa wameamka. Chombo kilicho safarini hakishambuliwi.

Maelezo haya yanadhihirisha utajiri ambao wasomi wa Kiswahili huusahau. Lugha za Ulaya zilipohitaji kuzungumzia safari za angani hazikuanza upya, zilikwenda pwani. Kiingereza na Kijerumani huita chombo cha anga kwa jina la meli, na neno la kimataifa la mwanaanga lina ndani yake neno la Kigiriki la baharia. Kama ndivyo, ni lugha ipi iliyo na haki zaidi ya kupanda angani kwa ngazi ya bahari kuliko Kiswahili? Waswahili wana chombo, nahodha, shehena, gudi, kuunda, kupakia, kung'oa nanga na kutia nanga. Wana pia nyota zao: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyofika kutoka Kiarabu na kufanywa ya Kiswahili, na kilimia kiliwajulisha wakulima majira. Mtu anayesema kwamba Kiswahili hakina maneno ya anga hajafungua ghala ya nyumba yake mwenyewe.

Hata hivyo, kuwa na maneno hakutoshi. Ni lazima kuchagua. Chukua kitufe kidogo cha kusitisha ujenzi ulioanza. Baadhi wangekiandika futa, wengine batilisha, wengine ghairi. Kwa mwanagenzi tofauti hizo si za kitaaluma. Akiona futa huenda akadhani mgodi wake wote utatoweka, akaogopa kukigusa. Ghairi humwambia ukweli: amebadili nia, na mali aliyotoa itarudi. Neno moja huokoa au hupoteza mali ya siku nzima, na hakuna orodha ya istilahi inayoweza kuamua hilo pasipo kumwona mtumiaji akitenda.

Lipo pia neno ambalo mwanafunzi wa fasihi hawezi kulipita kimya. Mchezaji anapokomaa huunda chombo maalumu, akakituma hadi sayari isiyokaliwa na kuanzisha makao ya pili. Lugha za Ulaya huyaita makao hayo koloni bila kusita. Kwa msomaji wa Kenya, nchi iliyotangazwa kuwa koloni mwaka 1920 na kujipatia uhuru mwaka 1963, neno hilo lina uzito wa kipande shingoni, kodi ya nyumba na mashamba yaliyotwaliwa kwa kisingizio kwamba hayakuwa na wenyewe. Katika mchezo huu sayari hiyo kweli haina mtu. Basi na iitwe makazi mapya au kitongoji, na koloni libaki kwa mahali penye wenyewe walionyang'anywa. Kwa mizani hiyo hiyo, kumvamia jirani na kubeba nusu ya mali yake kusipambwe kwa jina la ukusanyaji wa rasilimali. Ni uporaji, na Kiswahili kinajua kuusema. Kutafsiri maelekezo ya mchezo si kazi ya kubadilisha neno kwa neno. Ni kazi ya kutoa hukumu, na hukumu hizo zikiachiwa mashine au kampuni ya mbali, wazungumzaji watapokea historia yao ikiwa imesemwa na wengine.

Wapo watakaopinga kwamba michezo hii hupoteza wakati wa vijana. Pingamizi hilo lina chembe ya ukweli, kwani mchezo usiolala huweza kumnyima mchezaji usingizi. Lakini vijana hawangojei ruhusa ya wasomi ili wacheze. Wanacheza tayari, kwa Kiingereza, na kila saa wanayocheza huwafunza kwamba mkakati, hesabu na sayansi ni mambo ya Kiingereza, ilhali Kiswahili ni cha nyimbo, salamu na mtihani. Wengine watasema kwamba wachezaji wa Kenya wanakijua Kiingereza, hivyo tafsiri haina haja. Wadenmaki wengi nao wanakijua Kiingereza vizuri, na bado walicheza kwa lugha yao.

Haimaanishi kwamba juhudi zilizotangulia ni bure. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikahusika katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hizo ziliweka msingi. Lakini istilahi ni kama chombo kilichomo gudini: uzuri wake haujulikani mpaka kishushwe majini. Istilahi nyingi za Kiswahili zimeundwa vyema na zingali gudini, kwa kuwa hakuna aliyeandika sentensi ya kumwamuru mtu azitumie.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na jambo dogo. Wanachama wachache waandike mwongozo wa kurasa mbili wa siku ya kwanza katika mchezo mmoja, wampe mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hajawahi kuucheza, kisha wakae nyuma yake wakinyamaza. Popote atakapokwama, neno hilo liandikwe upya. Wahadhiri nao wakubali tafsiri ya aina hiyo, ikiambatana na utetezi wa kila uteuzi wa neno, kuwa kazi halali ya kozi ya tafsiri. Kipimo chake kitakuwa wazi kuliko vipimo vingi vya kitaaluma: ama mwanafunzi huyo amejenga mtambo wa jua kabla ya mgodi bila kumuuliza mtu, ama hakujenga.

Mcheza kwao hutuzwa. Vijana wa Afrika Mashariki wanacheza ugenini kwa sababu nyumbani hapajafagiliwa. Kazi ya kufagia ni ya wanaokisoma na kukifundisha Kiswahili.