Terril ya Lubumbashi na Thamani Inayoamuliwa Mbali

Mlima mweusi unaosimama kando ya dohani ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, mjini Lubumbashi umetokana na kazi ya binadamu. Wenyeji wanauita terril. Ni masalia ya tanuri lililowashwa mwaka 1911: madini yalipoyeyushwa, shaba ilitengwa na tope la moto likamwagwa nje, likapoa na kugandamana, mpaka likawa alama ya mji. Kwa miaka mingi tope hilo halikuhesabiwa kuwa mali. Sasa linachakatwa kiwandani kwa ajili ya kobalti, shaba, zinki na germaniamu. Kemia yake ni ileile ya zamani, lakini maabara za Marekani, Ulaya na Japani zimegundua matumizi ambayo wafanyakazi waliolimwaga hawakuweza kuyajua.

Uchumi wa Katanga, eneo la Kongo ulipo mji huu, umekuwa ukipanda na kushuka kwa namna hiyo kwa zaidi ya karne moja. Madini yako hapa, ila uvumbuzi unaoyapa bei hutokea kwingine, na uvumbuzi mwingine wa hukohuko unaweza kuyanyang'anya bei hiyo. Kwa hiyo mjadala wa leo kuhusu kobalti, yaani kama Kongo izuie mauzo, isafishe madini nyumbani au iendelee kuuza kama zamani, haufai kupimwa kwa bei ya mwaka mmoja.

Ujuzi haukuwa mbali siku zote. Kabla ya ukoloni, wafuaji wa Katanga, Wasanga na Wayeke miongoni mwao, waliyeyusha shaba kwa vinu vya udongo na mifuo, wakaimimina katika umbo la misalaba midogo iliyotumika kama fedha na kusafirishwa mbali. Walijua mawe, moto na soko. Mambo yaligeuka pale umeme na simu vilipofanya shaba ihitajiwe kwa maelfu ya tani. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa mwaka huohuo. Mfuaji wa jana akawa kibarua, na maamuzi ya kitaalamu yakahamia Brussels.

Shinkolobwe, karibu na Likasi, inaonyesha jinsi thamani inavyoweza kupinduka. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na katika miaka ya 1920 yalichimbwa kwa ajili ya radiamu, iliyotumiwa katika tiba na kusafishwa Olen, Ubelgiji. Uraniamu iliyobaki ilikuwa na kazi ndogo, kama vile kutia rangi vigae na vioo. Mpasuko wa kiini cha atomu ulipogunduliwa mwishoni mwa 1938, masalia hayo yakawa kitu cha vita. Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, na ndiyo yaliyolisha mradi wa Marekani wa bomu la atomu. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa walichokuwa wakichimba.

Germaniamu ina historia isiyojulikana sana, nayo inafundisha zaidi. Chanzo chake ni mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, ambao madini yake ya shaba na zinki yana germaniamu ndani yake. Desemba 1947 wanasayansi wa Bell Labs nchini Marekani walitengeneza transista ya kwanza, na walitumia germaniamu. Redio ndogo za mkononi zikafuata, na Kipushi ikawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya elementi hiyo duniani. Kisha, katika miaka ya 1960, silikoni ikachukua nafasi. Silikoni hupatikana mchangani popote na huvumilia joto zaidi, hivyo viwanda vya elektroniki viliiacha germaniamu bila kuuliza hali ya Kipushi. Iliyokuwa ndani ya madini yaliyoyeyushwa Lubumbashi ikaishia ndani ya terril.

Kilichoirudisha germaniamu sokoni ni nyaya za mkongo zinazobeba intaneti, ambazo kiini chao cha kioo hutiwa germaniamu ili mwanga usipotee njiani. Kamera za kuonea gizani na paneli za jua za satelaiti nazo zinaihitaji. Mwaka 2023 China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, iliweka masharti kwa mauzo yake ya nje, na wanunuzi wa Magharibi wakaanza kutafuta mahali pengine. Mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, ilipeleka shehena ya kwanza ya germaniamu iliyotoka kwenye terril. Mnunuzi alikuwa Umicore ya Ubelgiji, na Umicore ndiyo Union Minière iliyobadilishwa jina mwaka 2001. Gécamines imetamka kwamba mtambo ukifikia uwezo wake kamili unaweza kutosheleza hadi asilimia 30 ya mahitaji ya dunia.

Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Terril ilipoanza kuchakatwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ubia wa OM Group ya Marekani, Groupe Forrest na Gécamines, tanuri la Lubumbashi lilitoa mchanganyiko wa metali uliosafirishwa hadi Kokkola, Finland, na usafishaji wa kobalti ukafanyika huko. Sasa sehemu ya kazi ya kemia inafanyika Lubumbashi, na wahandisi wa Kikongo wanaifanya. Hata hivyo usafishaji wa mwisho bado uko Ubelgiji, na mwenye hatua ya mwisho ndiye anayemjua mteja, anayeona mahitaji yanakoelekea na anayepanga bei.

Gharama ya kutowekeza katika ujuzi na mitambo ilionekana Gécamines ilipoanguka. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, faida ilikuwa imekwisha kunyonywa na serikali ya Mobutu kwa miaka mingi, na mitambo haikuwa imefanywa upya. Mwaka 1993 uzalishaji ulishuka chini ya tani 50,000. Familia zilizozoea posho, shule na hospitali za kampuni zilibaki bila kitu. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika habari za familia hizo katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa hiari. Wengi wao, pamoja na watoto wao, waliingia mashimoni kama creuseurs, wachimbaji wa sururu na gunia.

Walichokuta humo kilikuwa kobalti, na safari hii pia thamani ilitoka maabara. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kubeba chaji nyingi katika betri. Sony iliiuza betri ya aina hiyo mwaka 1991, zikaja simu za mkononi, halafu magari ya umeme. Leo Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inasafishwa China. Lakini Goodenough huyohuyo, akiwa Texas mwaka 1997, alishiriki kuvumbua betri ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata chembe. Kwa muda mrefu ilidharauliwa kwa kuwa hubeba umeme kidogo kwa uzito uleule. Kampuni za China zikaiboresha, na kufikia 2024 ilikuwa karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Kilichoipata germaniamu ya Kipushi mbele ya silikoni kinaweza kuipata kobalti.

Serikali ya Kinshasa ilijibu kwa kuzuia. Bei ya kobalti iliyokaribia dola 80,000 kwa tani mwaka 2022 ilishuka hadi dola 21,000 hivi mwanzoni mwa 2025. Sababu mojawapo ni kwamba kobalti hutoka pamoja na shaba: shaba ikilipa, mgodi hausimami hata kobalti ikiwa haina bei. Februari 2025 mauzo ya nje yalisimamishwa, na Oktoba ukaanza mfumo wa mgawo unaoruhusu tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027, chini ya nusu ya uzalishaji wa 2024. Bei ikapanda zaidi ya maradufu.

Hatua hiyo ilikuwa halali na ya lazima, kwani hakuna nchi inayopaswa kuuza mali yake kwa bei ya kutupa ili kujaza maghala ya wengine. Hatari yake ni kwamba bei kubwa na mashaka ya upatikanaji ndivyo vitu vinavyomsukuma mtengenezaji wa magari kwenye betri isiyo na kobalti. Kwa hiyo mgawo unanunua muda tu, na thamani ya muda huo itategemea kazi itakayofanywa ndani yake.

Kazi yenyewe inajulikana. Uchunguzi wa BloombergNEF wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kiwanda cha tani 10,000 cha malighafi ya katodi za betri kingegharimu dola milioni 39 nchini Kongo, karibu theluthi moja ya gharama ya Marekani. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kujenga mnyororo wa betri kwa pamoja, na mwaka huohuo kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kikazinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kikwazo kikubwa ni umeme. Laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilijengwa ili kuilisha Katanga, lakini migodi bado inanunua umeme Zambia na kuwasha jenereta za dizeli, huku mitaa ya Lubumbashi ikikaa gizani mara kwa mara. Kiwanda cha kemia hakivumilii hali hiyo.

Kikwazo cha pili ni sumu. Mnamo 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Lubumbashi na Leuven uliofanywa katika hospitali za mji huu, ulioonyesha kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi migodini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za maumbile. Novemba 2025 maji machafu ya mtambo mmoja wa madini yalifurika mitaani Lubumbashi, na serikali ikausimamisha. Kusafisha madini nyumbani kunaleta pia asidi na maji yake machafu nyumbani. Viwanda vinavyoongezwa bila wakaguzi na maabara za kupima maji vitawalipisha wakazi wa kandokando ya mto kwa faida ya wengine.

Fedha za kugharimia wakaguzi na maabara hizo zipo kisheria. Sheria ya madini ya 2018, iliyofungua njia ya kutangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati yenye mrabaha wa asilimia 10, inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha, maeneo ya wenyeji 15, na mfuko wa vizazi vijavyo 10. Mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba inaweza kuamua, bila kusubiri mwekezaji, kwamba sehemu maalumu ya fungu lake iende kila mwaka kwa wakaguzi na maabara hizo, na kwenye kituo cha betri na kitivo cha uhandisi, na ichapishe hesabu zake. Watafiti wa kituo hicho hawapaswi kushughulika na kobalti peke yake. Wanapaswa kuchunguza pia terril na mabwawa ya masalia ya Kipushi, Likasi na Kolwezi, kujua kila elementi iliyomo na kiasi chake, na kufuatilia hataza zinazoandikishwa Asia na Marekani, ili elementi nyingine itakapohitajiwa, wa kwanza kujua iliko na namna ya kuitoa wawe Lubumbashi. Mgawo uliotangazwa unaishia mwaka 2027, na kumfundisha mhandisi mmoja wa kemia ya metali huchukua miaka mitano.