Kabla ya Forodhani Kuna Nyamisati

Kila mwaka, muhula wa pili ukishachanganya, pale kantini hubandikwa tangazo lilelile: ziara ya wanachuo, nafasi zimebaki chache, wahi kabla bumu halijaisha. Mwaka juzi ilikuwa Zanzibar. Mwaka jana Zanzibar. Mwaka huu, kwa ninavyosikia kutoka kwa wakubwa wetu wa serikali ya wanafunzi, ni Zanzibar tena, ila wenye pasipoti wameanza kuitaja Mombasa. Mimi sina ugomvi na Zanzibar, wala na Mombasa. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno "tena".

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: Forodhani ni mahali pazuri, na anayebisha ana lake jambo. Nilikwenda na ile ziara ya mwaka jana, nikala urojo, nikanywa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, nikawatazama vijana wa makachu wakijirusha baharini kwa staili ambazo ukimwelezea mama nyumbani hataamini. Jina lenyewe linakwambia zamani palikuwa nini: penye forodha, mizigo ikishuka na ushuru ukilipwa. Baadaye pakawa bustani. Ikafika wakati bustani ikachoka, taa hovyo, ukuta wa bahari unaliwa na mawimbi, mpaka mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ulipoijenga upya na kuifungua katikati ya mwaka 2009.

Kilichonivutia mimi si mawe wala taa. Ni kwamba wapishi walirudi. Kwa kawaida mahali pa ufukweni pakishaboreshwa, wa kwanza kuondoka ni yule mama mwenye jiko la mkaa, kisha muuza madafu, kisha watoto wanaoogelea bure. Pale Forodhani wenye mishikaki, wenye pweza na wale wa pizza ya Zanzibar wamewekewa eneo lao, na kiingilio hakuna. Mzungu mwenye kamera kubwa na mzee wa Darajani aliyetoka kuswali magharibi wanakaa kwenye ukuta mmoja. Linganisha na sehemu nyingine za kisasa kando ya bahari, ambako ukionekana tu na chupa ya maji uliyotoka nayo nyumbani, mlinzi keshakufikia: "Dada, hairuhusiwi." Mombasa nao wana Mama Ngina Waterfront, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, ile ya mibuyu mikubwa karibu na kivuko cha Likoni. Watu wanakwenda kupunga upepo na kula mihogo yenye pilipili na ndimu. Safi kabisa. Sehemu kama hizo tunazihitaji, na wanaosema ni anasa hawajawahi kuishi chumba kimoja watu sita.

Sasa nije kwenye hoja. Ukikaa kwenye ule ukuta wa Forodhani, angalia maji yaliyo mbele yako. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imesimama bandarini Zanzibar ikifanyiwa matengenezo. Ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia waliokufa, baadhi yao wamezikwa kisiwa cha Chapwani, kile kinachoonekana kutoka mjini. Aliyekuwa akitutembeza siku ile aliisimulia vizuri mno, mpaka wenzangu wakaacha kupiga selfi. Alipomaliza nikamuuliza, je, Königsberg yenyewe iliishia wapi? Akajibu, "Ilikimbilia bara huko."

Bara huko! Hiyo bara huko ni kwetu.

Mimi ni mtoto wa Kibiti, na bibi yangu mzaa mama yuko Salale, ndani kabisa ya delta ya Rufiji. Königsberg iliingia kwenye ile mikono ya mto, ikajificha nyuma ya mikoko, na Waingereza na meli zao zote wakashindwa kuifuata kwa sababu meli zao zilihitaji kina na delta haina kina. Miezi mingi walibaki kuziba milango ya mto. Iliwabidi walete meli mbili za chini bapa, Severn na Mersey, na ndege za kuwaelekeza mabomu yanapoangukia, hewani juu ya vijiji ambavyo watu wake walikuwa hawajawahi hata kuona gari. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Kisha wakaitoa mizinga yake kumi majini, wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo leo uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria.

Yaani mwanafunzi wa Mombasa akitoka kula mihogo pale Mama Ngina, anatembea kidogo tu anaushika kwa mkono mzinga uliotoka Rufiji. Bibi yangu Salale hana hata kibao. Miaka yote niliyokwenda na kurudi sijaona hata ubao mmoja wa mbao umeandikwa kwa rangi ya mafuta: hapa palitokea jambo.

Si mzinga tu. Ukiwa Mji Mkongwe, inua uso uangalie dari. Mwalimu yeyote wa historia atakwambia kwa nini vyumba vya nyumba zile ni vyembamba na virefu: boriti za mikoko hazirefuki, kwa hiyo chumba kilikatwa kwa kipimo cha boriti. Na Rufiji ilikuwa moja ya misitu mikubwa iliyoilisha biashara hiyo, majahazi yakibeba boriti mpaka Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Mpaka leo wazee kwetu wana jina kwa kila unene wa mti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Msitu wenyewe una zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko msitu wowote wa mikoko katika Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Tunapanda boti kwenda kushangaa dari, ilhali msitu uliotoa dari za namna hiyo uko njia ya Kilwa, basi la kutoka Mbagala Rangi Tatu.

Nasoma ualimu, historia na Kiswahili. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha tatu, nikafundisha Vita Kuu ya Kwanza kama nilivyofundishwa mimi: Sarajevo, yule mrithi wa kiti cha enzi na mkewe, risasi. Wanafunzi waliandika. Nilipowaambia kuna meli ya vita hiyohiyo iliyozama mkoa wa Pwani, darasa lilicheka, wakadhani nawachangamsha. Mwanafunzi anaijua Sarajevo na haijui Salale, halafu tunashangaa anaposema historia ni somo la kukariri. Na sisi tunaotoka hapa vyuoni ndio tutakaopangiwa hizo shule. Wengine tutapangiwa Maparoni, Mbuchi, Msala, Kiongoroni. Najua watu hupokea barua za namna hiyo wakaanza kutafuta wa kumpigia simu Dodoma siku hiyohiyo. Mtu hawezi kupapenda mahali ambapo hajawahi kupaona na ambapo jina lake amelisikia kwenye taarifa ya habari tu: mauaji ya mwaka 2017, mafuriko ya Aprili 2024. Ukisema unatoka Kibiti, bado kuna anayekuuliza kwa sauti ya chini, "Kumetulia?" Kumetulia, ndugu yangu. Watu wanavuna mpunga.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Ziara ya mwaka huu iende Nyamisati. Barabara ya Kilwa mpaka Bungu, unakata kushoto, kama kilomita 40 hivi unafika gatini. Pale kuna kivuko cha MV Kilindoni kinachokwenda Mafia, kuna mashua, kuna akina mama wenye chapati na samaki wa kukaanga, na kuna mlango wa delta. Ukiingia na boti ya injini, mwenyeji mmoja mbele anayejua mikondo, utaona mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaovumilia chumvi, mkandaa, mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira. Utaona madungu, zile nyumba za juu ya nguzo ambako mtu analala kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Utakula kamba aliyetoka majini saa hiyo, hajapita Feri, hajakaa kwenye barafu. Kwa waliomzoea kamba wa mjini, nawaonya mapema.

Nimeshatajiwa sababu za kukataa. Hakuna hoteli: kweli, tutalala Kibiti mjini kwenye nyumba za wageni, wengine shuleni kama tulivyozoea kwenye michezo. Mbu: wapo, na hosteli zetu je? Hakuna cha kupiga picha: huyo sina la kumjibu. Ile ngumu kweli ni moja, nayo ni maji. Delta haiendeshwi na saa ya mkononi. Maji yakipwa, boti inakaa kwenye tope na mnasubiri, awe waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi au nani. Watu wa mjini hili linawasumbua sana. Ila ndilo jambo ambalo mtoto wa Salale analifanyia hesabu kila anapokwenda shule, na mwalimu mtarajiwa ni vyema alijue kabla hajaandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio.

Kuna rafiki yangu, anasoma mipango miji, aliposoma rasimu ya makala hii akasema, "Wewe unataka Nyamisati iwe Forodhani." Tulibishana mpaka kantini ikafungwa. Nyamisati itajengwa tu siku moja. Gati ipo, kivuko kipo, Mafia ina watalii wa papa potwe, na penye watalii wanaopita hapakosi mtu mwenye ramani na miwani ya jua. Ninachotaka ni kujua siku hiyo nani atabaki pale. Kwetu tulishaletewa usasa mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba ndani ya delta, mradi wa eneo la kama hekta 10,000, na serikali ikaukubali mwaka 1997. Watu wa delta hawakuwa upande mmoja, kuna vijiji vilivyotaka zile ajira, na siwalaumu, ajira ni ajira. Lakini wengine kwa maelfu walikwenda Mahakama Kuu kuupinga. Mradi haukujengwa. Wavuvi na wakulima wa mpunga, ambao mjini tunawaita watu wa vijijini kwa ile sauti yetu, walifanya jambo ambalo sisi wasomi tunalijadili kwenye semina.

Ndiyo maana sitaki Nyamisati ya mfano wa picha za kompyuta, zile ambazo kila anayetembea ni mweupe na hakuna hata mmoja aliyebeba tenga. Nataka kivuli pale abiria wanaposubiri, maana jua la gatini halina huruma. Nataka choo safi, chenye maji, na wanawake wenzangu wanajua kwa nini nimekiweka mbele ya mabenchi. Nataka wale akina mama wa chapati wapewe meza zenye paa, kwa majina yao, kabla mkandarasi hajashusha kokoto, wasiambiwe "mtarudi baadaye". Nataka mahali pa mitumbwi kuegesha bila kulipishwa kama yoti. Na nataka kibao, Kiswahili juu, lugha nyingine chini, kinachosema meli gani iliingia hapa, lini, na Wanyagatwa na Wandengereko waliishije miezi ile mabomu yalipokuwa yakianguka mashambani mwao. Maelezo hayo hayajaandikwa vya kutosha. Kitivo chetu kina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka na wanaishia kuandika kitu kilekile kuhusu Azimio la Arusha. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake. Bado anakumbuka, ila anaanza kuchanganya majina.

Nimeshaongea na waziri anayehusika, akaniambia nilete mpango. Basi huu hapa. Tuangalie kalenda ya mwezi, tuchague siku za bamvua ili maji yawe mengi. Basi litoke chuoni saa tisa usiku, tupite Mbagala kabla ya foleni, chai tunywe Bungu. Boti ziondoke Nyamisati maji yakianza kujaa, si mtu anapomaliza kujipodoa. Kila mtu aje na kofia, maji ya kunywa na shilingi za kununulia chapati, maana pale hakuna lipa namba ya kila kitu. Wanaoogopa viboko wakae katikati ya boti.