Mgeni Naye Alindwe
Tarehe 1 Septemba, 2024, Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa akiishi Kenya, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake. Alifariki siku nne baadaye. Baba yake alisema kwamba ugomvi ule ulikuwa umekwisha kufikishwa polisi.

Ndugu zetu wa Mbeya wavukao mpaka wa Kasumulu, na binti zetu wa Iringa waendao kazi ugenini, wajue kwamba polisi ni ngao ya kila aliye nchini, si ya raia peke yake. Nasi hapa kwetu, mgeni ajapo kituoni akitetemeka, tusianze kumwuliza atokako. Tumwulize nani anayemtisha, na mtu huyo aitwe siku ile ile. Mlinzi afikaye baada ya moto huzoa majivu tu.