Mzee Aulizwe Ugonjwa, Asiulizwe Ndoa

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 pencheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mzee haulizwi ana mke au watoto wangapi. Umri wake watosha. Sisi wa milima ya Upare tunawapongeza ndugu zetu wa visiwani kwa hekima hiyo.

Lakini pencheni peke yake haiponyi. Huku Suji mgonjwa aliyezidiwa huteremshwa mlima hadi Same, na wanaomteremsha ni wanawe na wakweze. Asiye nao je? Wamo wajane, wamo tasa, na hapana budi tuseme bila kificho, wamo pia watu wa mapenzi ya jinsia moja waliokwisha kuzeeka. Hao, bara na visiwani, sheria huwatia hatiani na majirani huwanyooshea kidole. Basi huficha maradhi mpaka yakawashinda. Kisukari na shinikizo la damu havimngoji mtu apate ujasiri.

Chuoni tulifundishwa kumzuru mgonjwa. Hatukuambiwa tumpekue kwanza. Kwa hiyo tunawataka wakuu wa afya wasimamie jambo moja: siri ya mgonjwa ni amana, na atakayeivunja awajibishwe. Nao viongozi wa vijiji na shehia wawajue wazee wasio na jamaa, wawapatie wa kuwatazama. Tumepewa dhamana ya kuwahudumia watu, si ya kuwachagua.